Sahihi ya Saa Mbili na Dakika Kumi

Roseville, Minnesota
12 Novemba 2023

Mjomba Eliezer mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kikohozi kimekuachia, na goti la mama Wawuda limetulia hata anaweza kushuka kanisani kwa miguu yake. Sisi hapa tu wazima. Francis bado yuko kwenye ghala kule Shakopee, anasukuma makasha saa kumi kwa siku, akirudi analala kitini kabla hajala. Fiona ametimiza miaka tisa. Nikimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, halafu ananijibu Kizungu.

Nilipokupigia simu mwezi uliopita nilikuuliza habari za mvua, ukanieleza habari za mzee wa kanisa. Masikio yako sasa hayataki simu, basi narudi kwenye karatasi. Ningeweza kuandika WhatsApp usomewe na wajukuu, lakini WhatsApp haina bahasha, na haya sitaki yasomwe na mtoto.

Nimebadilisha kazi. Nimeacha nyumba ya wazee, sasa ni nesi wa gereza. Zamu ni ya asubuhi, na Fiona akitoka shule ananikuta nyumbani. Gereza lenyewe ni jengo la mawe la zamani sana, dari ziko juu kama za kanisa, na kila mlango ukifungwa unausikia kwenye meno. Wamenipanga kitengo cha adhabu. Huko mtu hukaa peke yake chumbani saa ishirini na tatu, na saa moja iliyobaki hutolewa akatembee ndani ya kizimba cha chuma, peke yake vilevile. Mimi hupita na toroli ya dawa, askari nyuma yangu. Naita jina, mtu anakuja mlangoni, nampa kidonge kupitia kijidirisha kinachopitishiwa chakula, nahakikisha amemeza, natia sahihi.

Seli ya kumi na nne yuko kijana Mkongo, Mugisho, miaka ishirini na tatu. Yumo tangu mwanzo wa Septemba. Alipewa siku thelathini kwa kupigana kwenye chumba cha kulia. Akipiga kelele zinaongezwa. Akipiga mlango teke zinaongezwa. Juzi nilidondosha kidonge nikasema, "Ee Mungu wangu." Nikaona macho yake kwenye kijidirisha.

"Mama, unasemaka Kiswahili?"

Haturuhusiwi maongezi. Nikainama kuokota kidonge.

"Unisemeshe ata kidogo," akasema. "Ata unitukane tu."

Mjomba, ulikuwa askari jela miaka ishirini na saba. Nilikulia nyumbani kwako, mkeo mama Wawuda akinilea kama wake, na sikumbuki hata siku moja ukitaja kazi mezani. Ulikuwa unafanyaje?

Mpwa wako,
Serah

*

Werugha
14 Desemba 2023

Mwanangu Serah,

Marahaba. Barua yako imetembea siku ishirini na nne. Kikohozi kimepungua. Mama yako Wawuda goti linamsumbua asubuhi, jua likitoka anapata nafuu, ila huku jua lenyewe siku hizi ni la kubahatisha, ukungu unakaa hadi saa nne. Kabichi zimeoza kwa maji. Mbuzi mmoja ameanguka kwenye tuta la mawe la jirani akavunjika mguu, tumemchinja.

Sasa kuhusu kazi. Kazi ya serikali ni kazi nzuri, hapa na huko. Nitakupa mashauri matatu. Usijifunze majina yao, tumia namba. Usijibu swali ambalo si la kazi. Ukifika nyumbani vua sare kabla ya kumgusa mtoto.

Ulivyoeleza jengo nimelitambua. La kwetu lilijengwa na Waingereza, na kitabu cha kanuni tulichosoma chuoni ni wao waliokiacha. Mwalimu wetu alitusimulia habari za magereza ya kwao enzi za Malkia Victoria. Mfungwa aliishi peke yake, na akitolewa kutembea alivishwa kitambaa usoni chenye matundu mawili ya macho, asimtambue mwenzake. Walishika kamba moja iliyopigwa mafundo, kila mtu na fundo lake, mbalimbali, wasinong'one. Kanisani kila mmoja ndani ya sanduku lake, amwone mhubiri tu. Wengine walizungusha mpini wa chuma mara elfu kumi kwa siku, na ule mpini hausagi kitu, unasaga hewa. Tulicheka sana darasani. Mwalimu hakucheka. Alisema wengi walitoka wakiwa wapole kabisa, na wengine hawakutoka na akili zao.

Vitambaa hatukuwa navyo. Seli ya peke yake na chakula cha adhabu tulikuwa navyo.

Uliuliza nilikuwa nafanyaje. Nilikuwa nafanya kazi yangu. Mwambie Francis apunguze zamu, mgongo haununuliwi.

Mimi mjomba wako,
Eliezer Mwadime

*

Roseville
21 Januari 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa mbuzi na kwa kabichi. Hapa baridi imefika mahali pa kutisha, nywele za Fiona zikiwa na unyevu zinaganda akielekea kwenye basi la shule. Francis ameanguka kwenye barafu, ameumia kiwiko, hakikuvunjika.

Shauri lako la kwanza limenishinda. Namjua Mugisho kwa jina, na sasa najua na la mama yake.

Kanisani kwetu, ibada ya Kiswahili huchanganya Wakenya na Wakongo. Yupo mama mmoja wa Bukavu anaitwa Donatille, anakaa Apple Valley, mwembamba, hufunga kitenge kichwani hata juu ya kofia ya sufu. Jumapili iliyopita alisimama wakati wa maombi. Akasema, "Mutoto wangu iko ku prison. Miezi ine sijasikia sauti yake. Banasema hana droit ya telefone, bamemukataza. Sijui kama Mugisho anakula. Muniombee."

Kanisa zima likainua mikono. Mimi nimeketi viti viwili nyuma yake. Jana yake nilimpa mwanawe vidonge. Najua anakula, najua amepungua kilo kumi na moja, najua amekwangua ukuta hadi kucha zimetoka. Nami nimeinua mikono pamoja na wengine, mdomo nimeufunga. Sheria ya siri za mgonjwa hairuhusu niseme hata "yu hai". Nikisema, leseni imekwenda, na leseni ndiyo inayotushikilia nchi hii.

Usidhani nimekaa tu. Nimeandika mara tatu kwa daktari wa akili wa kitengo. Jibu ni lile lile: si ugonjwa, ni ukaidi. Msimamizi wangu naye ameniita kwa sababu nilimsalimia Mugisho kwa Kiswahili, "Umeamkaje?" Amesema nikirudia kutumia lugha ambayo askari haelewi, ataandika onyo.

Tangu hapo simsalimii. Siku tatu za kwanza aliniuliza, "Mama, nimekukosea nini?" Siku ya nne hakuuliza. Sasa anaongea na ukuta, na ukuta unamjibu, kwa sababu ananyamaza kuusikiliza.

Mjomba, nikuulize wazi. Marehemu mama mzazi aliniambia kuna mwaka ulikuja likizo ukakaa mwezi mzima bila kusema na mtu, ukilima tu. Kuna mtu alikufia ndani ya zile seli?

Serah

*

Werugha
20 Februari 2024

Serah,

Barua nimepata. Sisi wazima. Mama yako Wawuda amepelekwa Wesu hospitalini, wamemchoma sindano ya goti. Mvua hakuna.

Ulichouliza sikijibu, na usikiulize tena. Kama kazi imekushinda, acha kazi.

E. Mwadime

*

Roseville
24 Machi 2024

Mjomba,

Shikamoo. Mpe pole mama kwa sindano. Francis mzima, Fiona mzima. Sina salamu nyingine, nisamehe.

Jumapili ya tarehe tatu nilikuwa zamu. Nesi mmoja alikuwa hakufika, nikawa na korido mbili peke yangu, na nilikuwa nimechelewa. Nilipofika kumi na nne, kioo cha mlango kilikuwa kimezibwa kwa ndani na kadibodi. Sheria ni lazima nimwone, nimwite, anijibu. Nikasimama na kikombe cha vidonge mkononi.

Askari akasema, "Amelala huyo. Andika amekataa. Twende, bado milango ishirini."

Nikaandika amekataa dawa, saa mbili na dakika kumi, nikatia sahihi. Sikuita jina. Kwa nini sikuita? Kila siku ninajiuliza. Nadhani niliogopa kwamba angeitikia. Niliogopa ile sauti inayouliza nimekukosea nini.

Saa tatu kasoro dakika kumi mleta chakula alifungua kijidirisha akapiga ukelele. Nilikimbia. Mugisho alikuwa amechana shuka vipande vyembamba akavisokota kuwa kitanzi. Nilikuwa magotini juu ya sakafu ya mawe, namkandamiza kifua, nahesabu kwa Kiswahili kwa sauti, na hakuna aliyenikataza. Mapigo yalirudi.

Alikaa hospitali siku tisa. Halafu, Mjomba, wamemrudisha seli ile ile. Wamemvisha joho la karatasi. Wamemsomea shtaka la kuharibu mali ya gereza, yaani shuka, wakamwongezea siku sitini.

Mchungaji wa gereza ndiye aliyempigia simu mama yake, siku ya saba. Donatille amepata wakili. Wakili anataka kujua kijana alikaa muda gani bila kuangaliwa. Askari walitakiwa kupita kila nusu saa, na karatasi yao imejazwa tangu alfajiri, kisanduku kwa kisanduku, kwa kalamu moja na mkao mmoja, na mwandiko haukutetereka hata mara moja. Lakini juu ya karatasi yao ipo ya kwangu. Mimi nesi nimesema saa mbili na kumi alikuwa hai na ana akili ya kukataa dawa. Sahihi yangu imewafunika wote. Msimamizi amenipiga bega, akasema, "Karatasi yako imetuokoa."

Kijana yumo mle sasa hivi ninapoandika. Wakisadiki karatasi yangu, atabaki mle. Nikisema kweli, mimi nimekwisha, na pengine na Francis, maana maombi yetu ya uraia yako mezani.

Sijamwambia mtu. Hata Francis. Nimekuambia wewe kwa sababu nadhani unajua ninachosema. Ukiendelea kunyamaza sitakulaumu, ila sitakuandikia tena.

Serah

*

Werugha
22 Aprili 2024

Mwanangu,

Mungu akuhifadhi wewe na mumeo na mtoto. Mama yako Wawuda anatembea. Barua hii naiandika nikiwa nimemwomba aende kwa dada yake, ili nibaki peke yangu.

Mwaka 1987 nilikuwa koplo. Tulikuwa na mfungwa anaitwa Wanjohi, fundi cherehani kutoka upande wa Nyeri, miaka mitatu ya wizi. Alinishonea suruali ya sare, ikanikaa vizuri kuliko zote nilizowahi kuvaa. Alimjibu vibaya afisa mmoja mbele ya wenzake. Akapewa siku kumi na nne za seli ya peke yake, nusu chakula, na sakafu imwagiwe maji asiweze kulala. Hayo ya maji hayakuwa kwenye kitabu. Yalikuwa ya kwetu.

Kazi yangu ilikuwa kufungua mlango asubuhi na jioni, kumtazama, na kuandika "amekaguliwa, yu mzima". Siku nane nilifungua. Siku ya tisa alinishika mguu. Hakuniomba chakula. Aliniomba nikae kidogo. Nikauvuta mguu.

Siku ya kumi na ya kumi na moja sikufungua. Niliandika tu, asubuhi na jioni. Siku ya kumi na mbili harufu ndiyo ilifungua mlango.

Ripoti ilisema malaria, kafa siku hiyo hiyo. Mimi nilikuwa shahidi wa nne kutia sahihi. Baada ya miezi miwili nikawa sajini. Karo yako ya chuo cha unesi ilitoka kwenye cheo hicho. Nimekuwa na hofu siku moja utajua, na sasa nakuambia mwenyewe.

Halafu kuna mama yake Wanjohi. Alikuja getini Alhamisi, kama kawaida yake, na kikapu. Mimi ndiye niliyekuwa lindo. Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Nikamwambia, "Mwanao amehamishwa." Akauliza kahamishiwa wapi. Nikasema sijui, gereza lingine. Akanishukuru, Serah. Akainama akanishukuru.

Ule mwezi aliokuambia marehemu dada yangu, ndio huo.

Mimi sikuambii ufanye nini. Nakuambia nilichopata kwa kunyamaza. Nimepata nyumba ya mabati yenye dari, pensheni, na masikio yasiyosikia. Daktari wa Voi amesema masikio yangu hayana ugonjwa wa kutosha kunifanya kiziwi hivi.

Wako yu hai. Wangu hakuwa hai. Hiyo ndiyo tofauti yetu, na haitadumu.

Mjomba wako,
Eliezer

*

Roseville
30 Juni 2024

Mjomba wangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma ndani ya gari, nje ya posta, mara mbili. Sina la kusema juu ya Wanjohi. Nilikuchukia siku kadhaa, halafu nikakumbuka mimi ni nani wa kukuchukia. Nakuandikia kwa sababu ulinijibu.

Nilimwambia Francis jioni ile. Aliweka kijiko chini. Akasema, "Nitaku-drive." Jumamosi tukaenda Apple Valley.

Donatille alifurahi kutuona, akadhani tumeleta maombi. Akatuwekea chai na maandazi. Nikamwambia sijaja kuomba. Nikamweleza yote: kwamba mimi ni nesi wa kitengo kile, kwamba miezi yote alipokuwa akisimama kanisani nilikuwa namjua mwanawe, kilo zake, kucha zake, na karatasi niliyoandika. Sikuficha kitu. Hakulia. Alivua kitenge kichwani akakikunja magotini, akakikunja tena, hadi kikawa kidogo kama kitambaa cha mkono.

"Mama Fiona," akasema, "ile siku, uliita jina yake?"

"Sikuita."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Akatazama mlango wa chumba kimoja ambao ulikuwa umefungwa. Nadhani ni chumba cha Mugisho.

"Upeleke ile maneno kwa avocat, yote. Kisha usikuye tena hapa."

Nikampa wakili maelezo yangu, kurasa sita, nikaapa mbele ya kamishna wa viapo. Siku mbili baadaye walininyang'anya kitambulisho, askari wawili wakanisindikiza hadi gari. Leseni imesimamishwa, kesi yake ni Septemba. Ya uraia hatujui. Francis amechukua zamu ya pili. Kanisani watu wengine huhama kiti tukikaa, Wakongo kwa kuwa nilinyamaza, na Wakenya wawili kwa kuwa nilisema.

Lakini tarehe ishirini na nane Mei jaji aliamuru Mugisho atolewe mle. Amepelekwa wodi ya wagonjwa ya gereza lingine, lina madirisha. Zaidi ya siku mia mbili na hamsini, Mjomba. Wakili ndiye aliyenipa habari. Mama yake alipokwenda kumwona alikaa naye saa nzima. Mugisho aligeuza kiti kuelekea ukutani akala akiwa hamtazami. Mama yake akimsemesha anaziba masikio, si kwa hasira, wanasema sauti ya mtu sasa inamuumiza. Daktari hajui kama itapita.

Nilidhani nikisema kweli ningelala. Silali. Ila sasa nikiwa macho najua kwa nini.

Mpwa wako,
Serah

*

Nyeri
11 Agosti 2024

Mwanangu Serah,

Usishangae kuona jina la mji huu. Mama yako Wawuda mzima, nimemwacha kwa dada yake. Nimekuja kwa basi, siku mbili, nikalala Nairobi kwa mtoto wa jirani yetu Mghanga. Hakuna aliyenituma.

Kuwapata watu wa Wanjohi haikuwa kazi ngumu. Niliuliza sokoni kwa mafundi cherehani, mzee mmoja akawa anamkumbuka. Amebaki dada yake, mjane, umri wake kama wangu. Nilikaa uani kwake nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Niliongea kwa sauti kubwa kama viziwi wote, hata majirani wakasikia, na sikujali.

Mama yao alikufa mwaka 2009. Serah, yule mama alilisadiki neno langu. Mwanawe amehamishwa. Basi akawa anamtafuta. Kila akipata nauli alikwenda gereza moja, na kikapu. Alifika kumi na moja. Kila geti walimwambia hayumo hapa, naye akasema basi yumo lingine. Miaka ishirini na miwili. Alipokuwa anakufa alimwachia binti yake majina ya magereza aliyobakiza.

Nilidhani nimeua mtu mmoja.

Yule dada hakunipigia kelele wala hakunipa mkono. Aliniuliza swali moja: alizikwa wapi? Nikasema nyuma ya machimbo ya mawe, upande wa shamba la gereza, tulikuwa watu wanne na makoleo, hakukuwa na msalaba. Akaingia ndani. Nikajua amenifukuza, nikainuka. Akarudi amevaa koti.

"Utanionyesha," akasema.

Jumanne tunaondoka, yeye na mwanawe na mimi. Nimeandika maelezo yangu na kuyapeleka polisi pia. Kijana wa pale kaunta ameyagonga muhuri, akaniuliza mzee unataka nini hasa. Nikamwambia aandike tu kwamba nimekuja.

Ninachoogopa ni hiki. Ni miaka thelathini na saba, na lile shamba limelimwa kila msimu. Usiku nafumba macho napima hatua kutoka kwenye machimbo, mara nahesabu arobaini, mara sitini. Nitamsimamisha yule dada kwenye mahindi ya watu, nimwambie ni hapa, naye atasadiki.

Mjomba wako,
Eliezer